Uzoefu wangu: maktaba ya umma Mwanza kwa mtu aliyehamia kutoka nje

Nyota tatu kati ya tano. Naandika kwa ajili ya waliohamia Mwanza na sisi tunaopanga nao nyumba moja. Jina la maktaba nalihifadhi, kwa sababu sitaki dada wa kaunta aitwe ofisini kwa ajili yangu.

Mimi ni dalali wa dagaa pale Mwaloni, Kirumba. Soko lile linaleta Wakongo, Warundi na Wanyarwanda. Wengi wananunua, wanapakia na kuondoka. Wachache wanabaki, wanapanga chumba na kuandikisha watoto shule. Jirani yangu ni mmoja wao, mama wa Kirundi kutoka Bujumbura. Mwanawe alikuwa anasoma hesabu kwa Kifaransa, hapa akaingizwa shule ya serikali ambako hesabu ni kwa Kiswahili. Si kwamba Kiswahili hakijui, wametokea Buyenzi na huko kinazungumzwa mtaani. Lakini Kiswahili cha mtaani hakikufundishi "kigawe kidogo cha shirika". Mtoto anajua jibu, swali ndilo linamshinda. Twisheni ni hela, na mama yake anauza vitenge vya mkopo. Nikamwambia twende maktaba.

Kwanza nisifie ukumbi. Mjini hapa ukikaa mahali penye kivuli na meza, muda si mrefu anakuja mtu kukuuliza unakunywa nini. Maktaba hawakuulizi. Mama mwenye mtoto mgongoni anakaa mpaka jioni na hakuna anayemkodolea macho. Kwa mtu anayeishi chumba kimoja na watoto wanne, hicho peke yake kinatosha kumtoa nyumbani. Upande wa watoto una viti vifupi na vitabu vya kiada mpaka vya darasa la saba, vingine vimechanika jalada lakini kurasa zote zipo.

Sasa dada wa kaunta. Ni Muha wa Kasulu, na Kiha na Kirundi vinasikilizana vizuri. Alimwona jirani yangu amesimama mbele ya ubao wa matangazo, anasoma bila kusoma. Akatoka nyuma ya kaunta, akamsalimia kwa lugha yao, na nusu saa nzima mimi dalali mwenye mdomo nikakaa kimya. Aliponigeukia akasema, "Dada, huyu mtoto hesabu anaziweza. Mpeni Kiswahili cha darasani." Akamtolea kitabu cha hesabu cha darasa lake pamoja na kitabu cha hadithi chenye picha, akamwambia hadithi amsomee mdogo wake kwa sauti. Hilo la kusoma kwa sauti limemsaidia kuliko kelele zangu zote.

Tatizo ni kwamba huduma hiyo yote imemkalia mtu mmoja. Akienda likizo, anakaa kijana ambaye anakujibu macho yako kwenye simu. Shirikisho la kimataifa la vyama vya maktaba, IFLA, lilipitisha mwaka 2006 ilani ya maktaba za jamii mchanganyiko, na UNESCO ikaiunga mkono mwaka 2009. Ilani hiyo inataka wafanyakazi wafanane na watu wanaowahudumia. Sisi tumeitimiza kwa bahati ya upangaji wa vituo vya kazi! Huko Queens, New York, maktaba ya umma ina mpango maalumu wa wahamiaji tangu 1977: madarasa ya Kiingereza, vitabu kwa lugha za wakazi, na maelezo ya jinsi ya kuanza maisha ya huko. Siombi ya Marekani. Naomba karatasi moja ya maelezo kwa Kifaransa na Kirundi, ibandikwe mlangoni.

Nyota iliyonikera kuikata ni ya fomu. Kusoma ndani hakuna shida. Kuazima kitabu uende nacho nyumbani kunataka uanachama, na uanachama unataka picha za pasipoti, mdhamini na barua ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti wa mtaa naye, ukimwendea na lafudhi ya ng'ambo, anataka kwanza kuona kibali cha ukaazi. Cha jirani yangu kilikuwa bado kinashughulikiwa. Nimemdhamini mimi na barua nimeifuatilia mimi. Asiye na dalali jirani anafanyaje? Wangetoa kadi ya muda, kitabu kimoja kimoja, ukirudisha ndipo upewe kingine. Mtu akitoroka na hadithi ya sungura na fisi, nchi haitayumba.

Kuhusu vitabu vya lugha nyingine, usitegemee. Kifaransa kuna kamusi kuukuu na vitu vya msaada, Kirundi hakuna. Hili sikulikatia nyota, maana hata lugha za hapa ziwani hazina vitabu vingi vya kujaza rafu. Aniceti Kitereza wa Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, na ilichapishwa zaidi ya miaka thelathini baadaye, tena kwa Kiswahili alichoigeuzia mwenyewe. Mkutubi hawezi kununua kisichochapishwa. Anaweza, hata hivyo, kumwita bibi wa Kisukuma au wa Kirundi Jumamosi akawatolea watoto hadithi, na hilo halihitaji bajeti ya wizara.

Si wageni tu wanaosahaulika. Kwenye nyumba yetu kuna kijana mwenye ualbino, na macho yake hayaoni mbali wala hayavumilii mwanga mkali. Madirisha ya ukumbi ni makubwa, hayana pazia, na mchana jua linapiga mezani moja kwa moja. Dada yule yule alimhamishia meza kwenye kona ya kivuli na kumpa lenzi ya kukuzia, mpini wake umefungwa gundi ya karatasi. Ndiyo hiyo moja ya ukumbi mzima. Vitabu vya maandishi makubwa sijaviona.

Jumapili wanafunga, siku ambayo sisi wa Mwaloni tungepata nafasi. Ukienda, anza na barua ya mtaa kabla ya kitu kingine chochote, na ubebe kalamu yako. Ya kaunta imefungwa kamba na haiandiki.