Kanga au Kitenge kwa Gauni la Kushonwa

Kwa fundi wa Zanzibar anayebuni gauni, kitenge ndicho rahisi kukata, kwa kuwa maua yake hujirudia kitambaa kizima na yadi sita humwachia nafasi ya kukosea. Kanga haina huruma hiyo: huuzwa kwa doti, yaani vipande viwili pamoja, na kila kipande kina pindo pande zote nne, mji (uwanja wa kati wenye mchoro) katikati na jina, yaani methali iliyochapishwa, chini yake, hivyo mkasi ukipita ovyo methali hukatika na mvaaji hutembea na nusu ya neno kiunoni (nimewahi kuliona, na waliolisoma hawakujizuia kucheka). Hata hivyo, pindo likikaa chini ya gauni na jina likaachwa zima mgongoni, kitenge hakiifikii kanga. Kitenge, kwa uzito wake, nakiachia makoti na suruali.