Uzoefu wangu: kutoa kadi kwenye IBM Power S924 bila kuizima

Kilichonifanya niipende seva ya IBM Power S924 si kasi ya prosesa zake za POWER9. Ni namna inavyokuruhusu utoe kadi kwenye sloti huku kazi zikiendelea, na inavyokuonyesha kwa taa ni wakati gani una ruhusa ya kugusa.

Kwetu mashine hii inabeba hifadhidata inayotumika usiku na mchana, na mfumo endeshi ni AIX, Unix ya IBM. Kadi moja ya faiba, inayounganisha seva na diski za nje na tepu, yenye milango miwili, fcs2 na fcs3, ilianza kuandika makosa mfululizo kwenye errpt, orodha ya makosa ya AIX. Kuzima seva nzima kwa ajili ya kadi moja kulimaanisha kuomba ruhusa ya kusimamisha huduma, na aliyewahi kuomba ruhusa hiyo kwenye mfumo unaoingiza fedha anajua ilivyo ngumu kuipata.

Sehemu kubwa ya kazi inafanyika kwenye kibodi kabla hujagusa chuma. Nilianza na amri lspath, inayoonyesha njia za kufikia diski, kuhakikisha kila diski ina njia nyingine iliyo Enabled kupitia kadi ya pili. Ukiona hata diski moja inategemea kadi unayotaka kuitoa, simama hapo hapo, tengeneza kwanza njia ya pili. Halafu lsslot -c pci inakuorodheshea sloti zinazokubali kutolewa kadi umeme ukiwepo, na kadi iliyomo katika kila moja. Nakili jina la sloti lote kama lilivyo, lile linaloishia na kitu kama P1-C9. Usilikariri kichwani.

Kisha nikaondoa vifaa kwenye mfumo kwa rmdev -Rl. Fcs2 ilikubali. Fcs3 ikakataa na ujumbe 0514-062, maana yake kifaa kinatumika: mlango ule ulikuwa unahudumia mashine ya tepu, na bakapu ilikuwa bado inakwenda. Hapa ndipo nilipozidi kuiheshimu AIX. Haikukata kazi ya mtu katikati ili kunifurahisha mimi. Nilisubiri bakapu iishe, nikarudia amri, ikapita bila neno.

Seva unaivuta mbele kwenye reli zake kisha unafungua kifuniko, ikiwa inafanya kazi vile vile. Ndiyo maana kebo za nyuma lazima ziwe na urefu wa kutosha na zipangwe vizuri kwenye mkono wa kubebea kebo. Kagua hilo kabla hujavuta chochote. Vaa pia mkanda wa mkononi wa kuzuia umeme tuli, uufunge kwenye chuma kisichopakwa rangi.

Sasa taa. Unatoa amri drslot -R -c pci -s pamoja na jina la sloti. Taa ya sloti inaanza kuwaka na kuzima polepole, mara moja kwa sekunde. Hapo mashine inakwambia tu "sloti ni hii", na bado hairuhusiwi kugusa kadi. Unathibitisha kwa macho, unabonyeza Enter, na taa inabadilika: inapepesa haraka, mara sita hadi nane kwa sekunde. Umeme wa sloti ile umeshakatwa, na sasa unaweza kuitoa. Nilifungua kibanio, nikaishika kadi kwenye kingo zake, nikaivuta moja kwa moja juu bila kuitikisa. Majirani zake kushoto na kulia waliendelea na kazi. Nikaweka mpya ya aina ile ile, maana -R (ya kubadilisha) inataka hivyo, nikabonyeza Enter, kisha nikatoa amri cfgmgr, inayotafuta vifaa vipya na kuviwasha kwenye mfumo.

Nalisisitiza suala la umeme kwa sababu naona wenzangu wengi wanaotoka kwenye Linux ya kawaida wakichanganya mambo mawili. Ukiandika 1 kwenye faili la remove ndani ya /sys/bus/pci/devices, kerneli inaisahau kadi, lakini umeme wa sloti unaweza kubaki pale pale. Kadi kutoonekana tena kwenye lspci, amri inayoorodhesha kadi, si ruhusa ya kuichomoa. Angalia kwanza kwa lspci -vv, kwenye mstari wa SltCap, kama sloti ina HotPlug+ na PwrCtrl+, yaani inakubali kutolewa kadi mashine ikiwaka na umeme wake unaweza kukatwa peke yake. Seva nyingi za x86 (zenye prosesa za Intel au AMD) zinakubali diski za mbele zitolewe mashine ikiwaka, ila sloti zake za kadi hazina uwezo huo. Kwa hizo, zima mashine, hakuna njia ya mkato.

Jambo moja linawachelewesha wengi baada ya kubadilisha: kadi mpya ya faiba inakuja na WWPN yake, namba inayoitambulisha kwenye SAN, yaani mtandao wa storeji. Kama zoni (mpangilio wa nani anaonana na nani) kwenye swichi ya SAN na ruhusa kwenye storeji bado zinataja ile ya zamani, njia hazitarudi hata urudie cfgmgr mara ngapi. Soma namba mpya kwa lscfg -vpl fcs2, kwenye mstari wa Network Address, umpe mtu wa storeji. Wenye VIOS (seva ndogo ya ndani inayogawia mashine pepe kadi) na NPIV (inayoipa kila mashine pepe WWPN yake) wana nafuu, kwa kuwa WWPN za mashine pepe zao ni za kwao na hazifuati kadi. Na kama kadi iko chini ya VIOS, pita kwenye diagmenu, uingie Hot Plug Task.

Bei ya mashine za namna hii ni kubwa, na kwa ofisi inayoweza kuzima seva Jumamosi jioni bila mtu kulalamika, sizishauri kwa sababu ya uwezo huu peke yake. Kwa benki, hospitali au mtandao wa simu ningenunua tena mashine ya namna hii, nikiwa na kadi mbili kwa kila njia tangu siku ya kuisimika.