Andor, uzoefu wangu: wale wa pembeni ndio stori yenyewe

Nimemaliza Andor, sirizi ya Star Wars, zote, sizoni ya 1 ya 2022 na ya 2 iliyotoka 2025, epsodi 12 kila moja, na nlipomaliza nkafungua muvi ya Rogue One usiku uo huo manake sirizi yote yaelekea pale. Nitataja yanayotokea, kwa hivyo kama hujaona na hutaki kuharibiwa utamu, kaone kwanza.

Hapa Kisauni kuna hii kesi haiishi barazani, jamaa washikilia kwamba kwenye hizi prikweli za vita vya angani wahusika wadogo ni wa kujazia tu, stori ni ya stelingi, hao wengine hata ukiwatoa hakiharibiki kitu. Mie napinga kabisa. Prikweli ni stori ambayo mwisho wake ushaujua kabla hujakaa kitako. Cassian Andor, stelingi wa sirizi hii, nshamuona akifa pale ufuoni Scarif kwenye Rogue One ya 2016, sasa akirushiwa risasi kwenye sirizi nishtuke nini, najua leo hafi! Mwenye kunipandisha presha ni yule ambaye mwisho wake siujui, na huyo kila nkiangalia namkuta ni mhusika mdogo.

Chukua ile sirizi ya Obi-Wan Kenobi ya 2022. Leia atekwa nyara akiwa mtoto, mbio kila mahali, lakini sote twajua atakua aje awe kiongozi wa waasi, na Obi-Wan mwenyewe twajua atakufa mikononi mwa nani. Hofu itoke wapi hapo? Mie nlimfuata Reva, mwindaji wa Himaya, ile serikali katili wanayopigana nayo waasi, kwa sababu hayuko kwenye muvi yoyote ya zamani na angeweza kuondoka saa yoyote, na nlimlilia Tala, yule ofisa wa Himaya aliyegeuka akawa anatorosha watu, alipobaki nyuma na bomu mkononi ili wenzake wapite.

Andor wameelewa hili jambo kuliko wote. Pale jela ya Narkina 5 kuna Kino Loy, kaigizwa na Andy Serkis, yeye ni mfungwa lakini pia ni nyapara, anawasimamia wenzake kazi kwa ukali manake anahesabu siku zake zilizobaki na ataka atoke salama, miguu yao mitupu na sakafu yatiwa umeme ukileta fujo. Halafu anakuja kujua kwamba hakuna anayetoka, ukimaliza kifungo wakuhamisha tu, na watu wa ghorofa nzima wameuliwa ili siri isivuje. Uso wake pale unabadilika bila yeye kusema neno. Cassian ndiye mwenye mpango, sawa, lakini Cassian ni mgeni, nani atamsikiliza? Ile sauti kwenye spika iliyowatoa watu vyumbani jela nzima ni ya Kino, sauti waliyozoea kuitii kila siku. Mtoe Kino na ile jela haifunguki, Cassian hatoki, na Rogue One haipo.

Sasa wanafika ukingoni, chini ni maji matupu, watu wanaruka mamia kwa mamia, na Kino amesimama tu. Cassian anamuuliza kulikoni, naye anasema hajui kuogelea. Kabla hajajibu, umati ushamsukuma Cassian kaanguka majini. Basi! Nlikuwa naangalia kwa binamu yangu, naye ni mtu wa bahari, tangu mdogo anaruka maji pale Mama Ngina, alisimama kabisa akawa aiambia TV "ruka bana, utashikwa huko chini!" halafu epsodi ikaisha na sebule nzima kimya, hata watoto. Na mpaka sizoni ya pili inakwisha hatuambiwi Kino alifikia wapi. Wengine hiyo yawaudhi, mie naona ni sawa, waliorukia majini nao hawakujua.

Na usizime ile epsodi ya 12 ya sizoni ya 1 majina yakianza kupita, subiri. Vile vyuma wafungwa walivyokuwa wakiunda utaviona vinafungwa kwenye Death Star, silaha ile ile itakayokuja kumuua Cassian. Wamemuundisha kifo chake kwa mikono yake.

Watu husema basi prikweli za zamani, za 1999, 2002 na 2005, mbona wale wadogo hawakuwa na maana. Walikuwa nayo sana, ila hawakupewa nafasi. Shmi, mamake Anakin, yule mtoto atakayekuja kuwa Darth Vader, aachwa utumwani 1999, na ni kifo chake 2002 kinachomfanya Anakin achinje kijiji kizima, hapo ndipo ubaya wote waanzia, lakini hesabu dakika alizopewa yule mama aongee! Na Jar Jar ambaye kila mtu amchukia, ni yeye aliyesimama Seneti akapendekeza Palpatine, yule atakayejifanya mfalme wa Himaya, apewe mamlaka ya dharura. Galaksi nzima ilianguka hapo.

Mon Mothma, yule seneta anayewasaidia waasi kwa siri, ndio ushahidi wangu mkubwa. Genevieve O'Reilly, anayemuigiza, alirekodi sini zake za muvi ya 2005 wakazikata karibu zote, naona walimchukulia hana kazi. Akarudi kidogo Rogue One, na kwenye Andor wakampa nyumba, mume, binti na pesa za kuficha. Ile harusi ya bintiye mwanzo wa sizoni ya 2, rafiki yake wa utotoni amekuwa hatari kwa waasi na Mon ajua kuwa hatarudi nyumbani salama, anakunywa na kujitupa uwanjani acheze katikati ya wageni, muziki juu, ajichekesha huku roho yaungua. Harusi zetu hizi za Mombasa nimewahi kuona mama wa bibi harusi akicheza hivyo, akiwa na jambo ambalo hawezi kumwambia mtu. Baadaye Mon anaposimama Seneti kusema wazi kilichofanyika Ghorman, sayari ambayo Himaya iliua raia wake, nlikuwa nshamjua ni nani na apoteza nini.

Hata Rogue One yenyewe, ramani za Death Star zimeshaibwa, stelingi wote washakufa, na bado kuna askari mmoja hatujui jina lake, mlango umekwama, Darth Vader yuaja nyuma yake, naye apenyeza ile diski kwenye upenyo mwenzake aichukue. Mkono ule tu. Usingetokea, waasi hawana kitu.

Kasoro zipo. Epsodi tatu za mwanzo zatambaa, dadake Cassian aliyekuwa akimtafuta wamemuacha hewani, na sizoni ya 2 yaruka mwaka mzima kila epsodi tatu kwa hivyo mtu kama Brasso, rafikiye Cassian, auliwa mapema, hujamlilia vizuri mwaka ushapita. Hapo wamenikera. Nawapa 9 kwa 10.

Kama waanza, anza na Andor kisha Rogue One mfululizo, usichanganye na nyingine. Na muangalie vizuri yule msichana wa dukani kwa Luthen, muuza vitu vya kale ambaye kwa siri ni wa waasi, jina lake Kleya, sizoni ya 1 utadhani ni wa kufungua na kufunga mlango. Ukifika epsodi ya 10 ya sizoni ya 2 weka simu mbali.