Mbegu mpya ya karanga: itoke shambani au porini?

Mtafiti anayetaka mbegu bora ya karanga ana njia mbili. Ya kwanza ni kuchavusha karanga ya shambani kwa nyingine ya shambani. Ni njia ya haraka: zote zina kromosomu 40 (nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba urithi), zinazaana bila shida, na kizazi kinachopatikana kinalimika. Shida ni ukoo kuwa mwembamba. Karanga zote tunazolima zimetokana na mchanganyiko adimu wa mimea miwili ya porini huko Amerika Kusini, kwa hiyo kutu au madoa ya majani yakivamia, kinga ya kuazima humo ndani ni haba.

Njia ya pili ni kurudi porini, Bolivia na majirani zake. Shika karanga pori mkononi uone kazi iliyopo: ganda limebanwa katikati likawa jembamba kama uzi, na kila upande una punje moja, ndogo sana. Tena ina kromosomu 20 tu, hivyo chotara wake na karanga ya shambani huwa tasa mpaka kromosomu zizidishwe maradufu kwa kemikali iitwayo kolchisini. Baada ya hapo ni kurudia kuchavusha kwa karanga ya shambani, msimu baada ya msimu, hadi punje zinenepe.

Lakini tazama Texas. Mwaka 1999 ilitoka COAN, mbegu inayostahimili minyoo fundo, wale wadogo wa udongoni wanaotia mizizi vinundu, kwa kinga iliyotoka kwa mmea pori, Arachis cardenasii. Kwa mavuno na ladha, ningeanza na njia ya kwanza. Kwa magonjwa naichagua ya pili, hata ikichukua miaka 20.