Biblia ipi ununue ya kusoma mwenyewe nyumbani? Nimezipanga hapa kwa mtazamo wangu

Mtu akiniuliza anunue Biblia ipi na mimi namuuliza, utaisomea wapi? Maana ya kufuatia mahubiri Jumapili na ya kusoma mwenyewe saa tatu usiku umechoka ni vitu viwili tofauti, na wengi wetu tunanunua ile ya kwanza halafu tunashangaa mbona haifunguliwi mpaka Jumapili nyingine.

Kwa kusoma peke yako namba moja naweka tafsiri ya Habari Njema, na najua hapo kuna wazee wa kanisa wataninunia. Hii ilitoka miaka ya 90 na kiswahili chake ndo hiki tunachoongea. Chukua kitabu cha Mhubiri, Union, ile tafsiri ya zamani ya makanisani, inasema "ubatili mtupu" tunaitikia amina wakati nusu yetu hatujui ubatili ndo nini, Habari Njema inasema "bure kabisa", basi, hata dogo wa darasa la tano kaelewa. Mama yangu yuko Kongwa, kiswahili alikikuta ukubwani baada ya Kigogo, Warumi alikuwa anairuka miaka yote, nimempelekea hii haijapita wiki kanipigia, "mwanangu kumbe Paulo naye alikuwa anajilaumu kama sisi", alikuwa amefika sura ya 7. Kitakachokusumbua mwanzoni ni kwamba ulipozoea kuona BWANA kwenye Agano la Kale utakuta Mwenyezi-Mungu, na ile "amin, amin" ya Yesu imekuwa "kweli nawaambieni". Utazoea tu.

Union ya pili, lakini pengo ni dogo. Ya 1952 hii, iliunganisha tafsiri ya Kimvita ya Mombasa na ile ya Kiunguja ya Zanzibar, ndo jina lilipotoka. Kwa mistari ya kukariri haina mpinzani, mchungaji anasoma hiyo, kwaya zinaimba hiyo, msibani inasomwa hiyo. Kama hela yako ni ya Biblia moja tu na ndo hiyohiyo utaenda nayo ibadani, chukua Union wala usijiulize mara mbili. Ila kuna Union iliyosahihishwa, maneno yamebadilika kidogo, soma jalada vizuri usije ukakariri kivyako.

Ya tatu ni tafsiri inayoitwa Neno, kiswahili chepesi, mimi naisoma kwenye simu kulinganisha tu, maana kwenye simu aya mbili meseji imeingia, ya tatu uko kwenye status za watu.

Mkatoliki wewe hesabu vitabu kabla hujalipa, yako ina 73 sio 66. Habari Njema yenye Deuterokanoni, yaani hivyo saba vya ziada, ipo, fungua yaliyomo, usipomwona Tobiti na Wamakabayo rudisha.

Sasa pa kununulia. Sisi wa Dodoma tuna bahati, makao makuu ya Chama cha Biblia yako hapahapa mjini, anzia huko kabla ya machinga. Mimi nilinunua moja ya zipu stendi, kingo za dhahabu, inang'aa kweli, zipu ikafa ndani ya mwezi na nilipofika Hosea nikakuta kurasa zimejirudia halafu Yoeli hayupo kabisa, na muuzaji utamtafuta wapi. Kwa hiyo pekua namba za kurasa hata kama anakuangalia vibaya, ifungue katikati kwenye Zaburi uone kama inalala yenyewe, iliyoshonwa inalala, ya gundi inajifunga na siku moja itakuachia Zaburi mkononi. Zipu yenyewe kwa vumbi letu hili sio urembo, ila ivute mara kumi hapohapo dukani.

Na kama ni ya mzazi chukua herufi kubwa hata kama ni nzito kama tofali, ukimpelekea ile ya mfukoni siku umeme umekatika utamsomea wewe.