Vitu vya kizamani vya kuweka kwenye picha kijijini: kabla ya kulipa angalia mng'ao

Mwezi wa sita nilipata kazi niliyokuwa naiombea siku nyingi. Babu na bibi wa kijiji kimoja kwenye mashamba ya mkonge huku kwetu Korogwe, walifunga ndoa 1974, watoto wao wakataka wapigwe picha kama vijana wa enzi zile, babu na bugaluu, bibi na kanga, kimeza cha mbao, kitambaa cha kufuma na redio juu yake. Vingine vyote nilikuwa navyo, redio sina. Nikaagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni yuko Dar, laki na ishirini pamoja na nauli ya basi, na nilipofungua boksi niliifurahia kweli, mbao imekaa vizuri, vitufe vya rangi ya maziwa, kitambaa cha spika kama zile za zamani.

Siku ya kazi nikaiweka mezani, jua la saa kumi jioni linaingia dirishani, nikaanza kupiga. Kila picha ina doa jeupe. Nikiisogeza kushoto doa linahamia kulia, nikiigeuza kidogo doa linapanda juu, yaani redio yote ilikuwa imepakwa vanishi kama kabati jipya la sebuleni. Bibi akaja nyuma yangu kuangalia kwenye kioo cha kamera, akakaa kimya kidogo, akasema, "Mwanangu, mbona redio yako ina jasho? Ya kwetu ilikuwa imefubaa." Nililala nalo neno hilo. Kufuta yale madoa kwenye kompyuta kulinichukua siku tatu na bado kwa jicho langu redio haijakaa sawa.

Ndiyo maana naandika hii, na wapo wenzangu wanaopiga picha vijijini ambao wameniuliza wanunue nini. Sitakuambia uangalie kama kitu kinafanya kazi, kwenye picha nani atajua. Bei na ukubwa utaona mwenyewe. Ninachokuomba uangalie ni mng'ao, maana sijaona mtu anauzungumzia na ndio unaoharibu kazi.

Kijijini huna studio. Huna taa tatu za kuhamisha hamisha, una jua la dirishani au la mlangoni, ukijitahidi sana una shuka jeupe la kurudishia mwanga, kwa hiyo mwanga unatoka upande mmoja na ni mkali, na kitu kilichopakwa rangi jana kinaurudisha wote usoni kwa kamera. Kitu cha zamani nacho kinang'aa, usidhani haking'ai, ila kinang'aa kwa mabaka, pale mkono ulipopita miaka na miaka kimelainika, pembeni kimefifia, kwenye mikunjo kuna vumbi halitoki. Kilichopigwa rangi upya kinang'aa sawasawa kila mahali. Washa tochi ya simu, iweke ubavuni mwa kitu, ilaze, isogeze taratibu. Ukiona kidoti cha mwanga kinateleza bila kukatika kama kwenye sahani iliyolowa, rudisha. Kikikatika katika na kusambaa, chukua.

Sasa nipange ninavyoona mimi.

Namba moja ni kichwa cha cherehani cha Singer, kile cheusi chenye maua ya dhahabu, na hapa sijifichi, mimi ni mtu wa Singer na sioni kitu kingine kinachokipeleka chumba miaka ya nyuma haraka hivyo. Changu nilikitoa kwa fundi mmoja Muheza kwa elfu 80, hakishoni, sindano haishuki tena. Ukikiangalia kwa karibu, maua ya mbele yamefutika kabisa, pale kitambaa na kiganja vilipokuwa vinapita, lakini ya nyuma yapo yote, hadi majani madogo unayaona. Mwanga ukifika pale mbele unatulia, haurudi. Hakuna rangi ya kopo inayoweza kuiga kitu hicho. Uzuri mwingine kina namba imegongwa kwenye kitako, ukiitafuta mtandaoni mara nyingi unapata mwaka kilipotengenezwa, hivyo mteja akisema anataka miaka ya 1950 humdanganyi. Meza yake ya miguu usinunue, lile ni chuma cha kuyeyusha, zito, hakuna bodaboda atakayekupandishia mlimani, weka kichwa juu ya meza yoyote ya kijijini inatosha. Butterfly ni mashine nzuri ya kushonea, mafundi wanaipenda na wana haki, lakini kwenye picha kwangu mimi haigusi.

Namba mbili redio ya kweli, tena iliyokufa. Philips au National, na ukibahatika kupata yenye koti lake la ngozi lenye matundu mbele usiulize mara mbili, ngozi kavu haina doa. Nimekuja kupata moja kwa elfu 35. Chunga wanaoipaka kiwi ile ngozi ili ionekane mpya, wanakuharibia. Na tukiwa hapo, wateja wengi wanataka televisheni ya zamani kwenye picha ya sebule ya kijijini ya miaka ya 70. Nawakatalia. Bara televisheni imekuja 1994, Zanzibar ndio walitangulia mwanzoni mwa miaka ya 1970, sasa unamwekea bibi wa Korogwe televisheni ya mwaka 1974 wakati taarifa ya habari walikuwa wanaisikiliza Redio Tanzania Dar es Salaam wamekaa barazani? Usinunue, hela yako weka kwenye redio.

Namba tatu, sanduku la bati na chemli. Sanduku tafuta lililokaa uvunguni miaka, lenye kutu kwenye bawaba. Jipya lina maua yanayowaka, utapata shida. Chemli kioo chake kikirudisha mwanga si tatizo, kioo ni kioo, tatizo ni tangi la mafuta la chini likiwa jipya. Ninachofanya mimi napandisha utambi juu kidogo kuliko inavyotakiwa, naiacha dakika moja ifuke, kioo kinapata moshi juu na taa nzima inaonekana imeshalala nyumba nyingi.

Baiskeli usinunue, kodi. Phoenix nyeusi zipo kila kijiji na mwenyewe atakuja nayo. Usukani na rimu zinawaka, chukua kipande cha sabuni ya mche kikavu, sugua, kisha futa kidogo kwa kitambaa kikavu, mng'ao unakufa na baadaye inaoshwa kwa maji tu. Sabuni hiyo naibeba kwenye begi kila safari. Kuna wanaonunua filta ya kuzuia mng'ao kwa hela nyingi, inasaidia kwenye vanishi na kioo, kwenye chuma kitupu haisaidii.

Kanga mpya ina wanga, inang'aa na inasimama kama karatasi, ifue mara mbili bila kuipiga pasi. Soma na maandishi, ikiwa ina mwaka au sura ya kampeni ya juzi weka pembeni.

Vya bei ndogo, kibatari cha elfu moja, kata, kinu, vyote viko sawa na havina mng'ao wowote.

Sasa hawa wauzaji. Wanapita na pikipiki vijijini wananunua kwa kilo, pasi ya mkaa ya marehemu inapimwa na chuma chakavu, wiki mbili baadaye iko mjini imepakwa rangi nyeusi ya kopo inauzwa elfu 60 kwa watu wa migahawa. Wamemlipa mzee kidogo halafu wamekiharibu kile kile kilichofanya kiwe na thamani, inaniuma mara mbili. Na wakiona una kamera shingoni bei inapanda hapo hapo.

Yule bibi wa mkonge nilimuuliza redio yao ilikwenda wapi. Walikuja vijana wawili kabla ya Pasaka, wakampa elfu 10, ilikuwa Philips, ina koti lake. Kabla ya Pasaka, na mimi nimefika mwezi wa sita.

Tangu hapo nikifika kijiji naanza kwa balozi wa nyumba kumi, nasalimia, naeleza natafuta nini, na sinunui kama mwenye kitu hataki kukiuza. Nakodi kwa siku elfu 5, naandika kwenye daftari mbele yake, narudisha jioni ile ile bila kukifuta vumbi, na mwenye kitu namsafishia picha moja akiwa amekishika.