Boneti ya faibaglasi kwa ndege ya mfano: umbo zuri, matundu bado

Boneti hii, yaani kifuniko cha injini, nimeifunga kwenye ndege yangu ya mfano yenye injini ya silinda moja. Umbo la nje sina neno nalo. Ukingo wa mbele umeviringwa vizuri, na hapo thamani ya pesa yangu naiona, maana hewa ikikutana na kona kali huachana na uso wa boneti na kuzunguka ovyo. Ukinzani wa hewa nao hukua kwa mraba wa kasi: ongeza kasi maradufu, unakabiliana nao mara nne.

Tatizo ni matundu. Aliyeichora ameacha mdomo mpana mbele, halafu nyuma kijimwanya tu. Amegeuza mambo! Hewa ikipita kwenye silinda hupata joto na kutanuka, hivyo inahitaji njia kubwa zaidi ya kutokea. Ikiikosa, hujaa ndani, na ile inayofuata humwagikia pembeni mwa mdomo. Injini inachemka na ukinzani unapanda, vyote kwa pamoja. Kanuni ya mafundi wengi ni tundu la kutokea liwe angalau mara mbili ya la kuingilia.

Kwa hiyo nimeziba sehemu ya mdomo kwa balsa (mti mwepesi sana), nikabakiza tundu mkabala na silinda. Ndani nimeweka ubao mwembamba unaoilazimisha hewa ipite katikati ya mapezi ya silinda, vile vibati vinavyoipooza. Chini, kwa nyuma, nimepanua mwanya na kuacha ukingo mdogo uliochomoza, ili upepo wa nje uivute hewa ya ndani. (Vaa barakoa unapopiga msasa, vumbi la faiba si la mchezo.) Sasa injini inashika mwendo uleule mpaka mafuta yaishe.

Wanaodhani boneti ni urembo waitazame Curtiss AT-5A, ndege halisi ya Marekani: NACA, taasisi ya utafiti wa urubani ya huko wakati huo, walipoivika boneti mwaka 1928, kasi yake ya juu ilipanda kutoka maili 118 hadi 137 kwa saa, injini ikiwa ileile.

Uzito ni mdogo. Matundu ya skrubu hayajaimarishwa, na mtetemo utayapasua usipoweka washa (kipete bapa chini ya kichwa cha skrubu).

Nyota tatu kati ya tano. Mwenye ndege ya kasi na tupa ya kupanulia matundu mkononi aichukue. Ndege ya kujifunzia, inayokwenda taratibu, iache injini wazi.